Paka wa MTM na nembo za mwisho wa kipindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kuhusu nembo zinazotokea mwisho wa vipindi vya televisheni, hasa ile ya kampuni ya Marekani ya MTM Enterprises yenye mtoto wa paka aitwaye Mimsie. Mwenye haraka ya kujua habari za yule paka anayesemekana alikata roho hewani aende moja kwa moja kwenye sehemu ya "Vituko vya Mimsie".

## Mambo ya msingi

Nembo ya kampuni ya utayarishaji ndiyo ile inayokaa kwenye kona ya skrini?

Siyo. Ile ya kwenye kona ni alama ya kituo, na hukaa pale muda wote ili mtazamaji ajue anatazama stesheni gani. Nembo tunayoizungumzia hapa hutokea mwishoni, majina ya waigizaji na mafundi yakishapita. Hukaa sekunde chache tu, mara nyingi na muziki wake mfupi, na kazi yake ni kumtaja aliyekitengeneza kipindi.

Kipindi kikiuzwa kwa vituo ishirini, kila kituo kitaweka alama yake kwenye kona, lakini nembo ya mwisho hutakiwa ibaki ileile kwa kuwa imeunganishwa kwenye kanda ya kipindi chenyewe. Ni sahihi ya fundi kwenye kazi yake, na ndiyo sababu sisi tunaoipenda televisheni ya zamani tunaumia tukiona imekatwa.

Mbona wakati mwingine zinafuatana tatu au nne?

Kwa sababu kipindi kimoja huwa na wahusika kadhaa. Kwa kawaida hutangulia nembo ya kampuni ndogo ya mwandishi au mtayarishaji aliyekibuni, ikafuata ya studio iliyotoa fedha na vifaa, na mwisho ya msambazaji, yaani anayeuza haki za kukionyesha. Nani atangulie na nani akae sekunde ngapi ni mambo ya mikataba. Ukizoea kuzisoma kwa mpangilio huo, ndani ya sekunde kumi unajua nani alibuni, nani aligharamia na nani anauza.

MTM ni kampuni gani?

Ilianzishwa mwaka 1969 na mwigizaji Mary Tyler Moore pamoja na mumewe wa wakati huo, Grant Tinker, ili kutengeneza kichekesho cha The Mary Tyler Moore Show kwa ajili ya CBS, kimoja cha vituo vikubwa vya Marekani. Jina la kampuni ni herufi za kwanza za majina yake matatu. Kipindi hicho kilianza Septemba 1970 na kuisha Machi 1977, na kilibeba tuzo 29 za Emmy, tuzo kuu za televisheni ya Marekani.

Kampuni haikuishia hapo. Ilitoa The Bob Newhart Show, Rhoda, Phyllis, Lou Grant, WKRP in Cincinnati, The White Shadow, Hill Street Blues, St. Elsewhere, Remington Steele na Newhart. Sifa kubwa ya Tinker, kama waliofanya naye kazi walivyoeleza mara nyingi, ni kuwaajiri waandishi hodari na kuwakinga dhidi ya wakubwa wa vituo ili waandike wanachotaka. Aliondoka mwaka 1981 kwenda kuongoza kituo kingine kikubwa, NBC.

Kwa nini paka?

Kwa sababu ya simba. Studio ya filamu ya MGM imekuwa ikifungua filamu zake tangu miaka ya 1920 kwa kichwa cha simba ndani ya duara la utepe wa filamu, akinguruma. Herufi MTM na MGM zinakaribiana, na wenye MTM wakaona waucheze mfanano huo badala ya kuukimbia. Wakachora duara lao lenye mapambo, na mahali pa simba wakamkalisha mtoto wa paka wa rangi ya chungwa. Naye anafungua mdomo na kutoa nyau moja nyembamba, basi.

Paka huyo aliitwa Mimsie. Kwangu mimi hii ni mojawapo ya nembo bora kabisa zilizowahi kutengenezwa kwa televisheni. Kampuni changa ilijionyesha kuwa ndogo mbele ya jitu, na haikuona aibu. Pia inaeleweka hata kwa mtu asiyejua neno la Kiingereza, maana kila mtu anajua simba analiaje na paka analiaje.

## Fedha na sheria nyuma ya nembo

Kampuni ndogo kama MTM iliwezaje kushindana na vituo vikubwa?

Jibu liko kwenye kanuni. Mwaka 1970 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitunga kanuni zilizozuia ABC, CBS na NBC kuwa na hisa ya faida katika vipindi vilivyotengenezwa na kampuni huru, na zikavizuia vituo hivyo kuuza marudio, yaani haki za kukionyesha tena kipindi, ndani ya nchi. Kituo kililipa ada ya kuonyesha kipindi. Umiliki ulibaki kwa aliyekitengeneza.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ada ya kituo mara nyingi haikutosha gharama. Mtayarishaji alitengeneza kwa hasara akisubiri siku ambayo sehemu za kipindi chake zingefika kama 100, idadi iliyozoeleka ya kuviuzia vituo vya mikoani marudio ya kila siku. Hapo ndipo fedha ilipokuwa. Bila kanuni zile, marudio ya Mimsie yangeingiza fedha kwenye mfuko wa CBS.

Kanuni zililegezwa mwaka 1993 na kufutwa kabisa mwaka 1995. Baada ya hapo vituo vilianza kumiliki sehemu kubwa ya vipindi vyake vyenyewe, na kampuni huru za aina ya MTM zikapungua.

Viacom inaingiaje hapa?

Ni zao la kanuni hizohizo. CBS ilipozuiwa kuuza marudio, ililazimika kuitenga idara yake ya usambazaji iwe kampuni inayojitegemea, nayo ikaanza maisha yake mwaka 1971 kwa jina la Viacom. Kampuni hiyo ilikua hata mwaka 2000 ikainunua CBS, iliyoizaa.

Nembo ya Viacom ya mwaka 1976 ndiyo ile yenye herufi V inayotokea mbali na kumjia mtazamaji kwa kasi mpaka inajaza skrini, muziki ukivuma.

Kwa nini watu wengi wanasema nembo hizi ziliwatisha utotoni?

Hii si hadithi ya mtu mmoja. Wamarekani waliokua miaka ya 1960 na 1970 wanaisimulia sana, na nembo mbili hutajwa kuliko zote: hiyo ya Viacom na ile ya kampuni ya Screen Gems ya mwaka 1965, ambayo mlio wake ulitungwa na mwanamuziki Eric Siday kwa mashine za elektroniki.

Sababu zake zinaeleweka. Mtoto ametoka kucheka na vichekesho, muziki wa furaha unaisha, ghafla skrini inabadilika na umbo lisilo na uso linamsogelea. Sauti za sinthesaiza, yaani mashine za elektroniki za muziki, zilikuwa ngeni masikioni mwa watu wa wakati ule. Hazikufanana na filimbi wala gitaa wala kitu chochote cha nyumbani. Juu ya hayo, nembo hizi zilitokea usiku, karibu na saa ya kulala. Waliozitengeneza walitaka zikumbukwe, na kwa kweli zimekumbukwa.

Mimsie ni kinyume chake kabisa, na sidhani ni bahati tu kwamba watu humkumbuka kwa upendo.

## Vituko vya Mimsie

Ni kweli paka alibadilishwa mavazi kulingana na kipindi?

Ni kweli, na hapa ndipo MTM ilipowaacha wenzake mbali. Kampuni nyingi zilitengeneza nembo moja na kuibandika popote. MTM iliwaacha watayarishaji waichezee:

Kwenye Hill Street Blues, tamthilia ya polisi iliyoanza Januari 1981, Mimsie amevaa kofia ya polisi. Kwenye St. Elsewhere, ya hospitalini, amevalishwa kama daktari wa upasuaji, na barakoa yake. Kwenye The White Shadow, ya timu ya mpira wa kikapu ya shule, kuna mpira wa kikapu. Remington Steele ilikuwa ya wapelelezi, kwa hiyo alipewa kofia na kiko vya mpelelezi wa hadithi za Kiingereza. Akifungua mdomo kulia, kiko kinadondoka. Kudondoka huko kunachukua chini ya sekunde moja, lakini ni kichekesho kamili chenye mwanzo na mwisho.

Kwa nini kwenye Newhart paka anaongea kwa sauti ya mtu?

Sauti hiyo ni ya Bob Newhart mwenyewe, nyota wa kipindi. Alikuwa maarufu kwa uchekeshaji wa utulivu, uso mkavu, maneno machache. Basi badala ya mlio wa paka, unamsikia akisema nyau kama mtu anayesoma orodha ya sokoni.

Katika sehemu ya mwisho kabisa ya kipindi hicho, Mei 1990, wakabadilisha tena. Humo kuna ndugu wawili, wote wanaitwa Darryl, ambao kwa miaka minane hawakuwahi kusema neno. Siku ya mwisho wakapaza sauti kuwanyamazisha wake zao, na ilipofika zamu ya nembo, paka naye akatoa kelele hiyohiyo ya kunyamazisha. Aliyezima televisheni mapema aliikosa.

Je, ni kweli Mimsie alikufa hewani?

Swali hili linaulizwa kuliko yote. Hakufa hewani, na hakuna mnyama aliyeumizwa. Lakini alichoona mtazamaji kilifanana sana na kifo.

Tarehe 25 Mei 1988 ilionyeshwa sehemu ya mwisho ya St. Elsewhere, baada ya misimu sita. Kwa kawaida majina yalipita kwanza, ndipo nembo ikafuata. Usiku ule mpangilio ulivunjwa: Mimsie aliwekwa kwenye skrini muda wote majina yakipita, amelala, ameunganishwa na dripu na mashine ya kupima mapigo ya moyo. Mashine ililia pi, pi, pi. Majina yakafika mwisho, na mstari wa mapigo ukanyooka, mlio ukawa mmoja usiokatika.

Wako waliokasirika, hasa waliokuwa na watoto mbele ya televisheni. Mimi naona lilikuwa jambo la ujasiri na la haki kwa tamthilia ile. St. Elsewhere haikuwahi kuwadanganya watazamaji kwamba wagonjwa wote hupona. Kwa miaka sita ilionyesha hospitali maskini ya Boston ambamo watu unaowapenda walikufa bila taarifa. Kumpitisha paka wao wenyewe njia hiyohiyo ilikuwa kumaliza kwa lugha waliyoianza nayo. Ni mara chache sana nembo ya kampuni imeruhusiwa kuwa tukio la mwisho la hadithi.

## Waliotoka MTM

Kuna uhusiano gani kati ya MTM na nembo inayofuata katuni ya The Simpsons, ile ya watu sinemani?

Upo wa moja kwa moja. Nembo hiyo ni ya Gracie Films, kampuni ya James L. Brooks, na Brooks ndiye aliyebuni The Mary Tyler Moore Show pamoja na Allan Burns. Ndani ya ukumbi wa giza watu wanapiga soga, mtu anawanyamazisha kwa "shhh!", na jina la kampuni linatokea kwenye skrini yao. Ni nembo inayokuomba utulie utazame, ikitokea wakati kipindi kimekwisha. Kwenye sehemu za The Simpsons za Halloween (sikukuu ya mizimu ya Wamarekani), "shhh" hiyo hugeuka kuwa ukelele wa hofu na muziki hupigwa kwa kinanda cha kanisani.

Wengine ni akina nani?

Gary David Goldberg, aliyeandikia The Bob Newhart Show na Lou Grant, alianzisha Ubu Productions, iliyotengeneza Family Ties kuanzia 1982. Nembo yake ni picha ya mbwa wake mweusi, Ubu, na sauti ya Goldberg ikimwamrisha akae, kisha kumsifu kuwa mbwa mzuri, na mbwa akabweka mara moja. Steven Bochco, mmoja wa waliobuni Hill Street Blues, aliweka kwenye nembo ya kampuni yake mtu anayepiga fidla: ni baba yake, Rudolph Bochco, aliyekuwa mpiga fidla kweli.

Paka, mbwa, baba mzazi, watu wanaopiga soga sinemani. Shule ilikuwa moja na inaonekana: wote walikataa nembo ya chuma kinachong'aa na wakaweka kitu chenye uhai walichokipenda.

## Umiliki na kupotea kwa nembo

Nani anaimiliki MTM sasa?

Disney, kwa njia ndefu. Mwaka 1988 MTM ilinunuliwa na TVS, kampuni ya televisheni ya kusini mwa Uingereza. Ununuzi huo uliiletea TVS mzigo mkubwa wa kifedha. Mwaka 1991 leseni za televisheni za Uingereza zilipopigwa mnada, TVS ilitaja zaidi ya pauni milioni 59 kwa mwaka, wadhibiti wakaona haitaweza kuzilipa, na leseni ikapewa Meridian iliyotaja kiasi kidogo zaidi. TVS ikazima mitambo usiku wa tarehe 31 Desemba 1992.

Mwaka 1993 mali zake, MTM ikiwemo, zikaenda kwa International Family Entertainment ya Marekani. Mwaka 1997 kampuni hiyo nayo ikaingia upande wa Fox, kampuni kubwa ya filamu na televisheni, na Machi 2019 Disney ikanunua sehemu kubwa ya Fox. Kwa hiyo paka aliyezaliwa kuitania MGM amekaa Los Angeles, akapita kwa Waingereza, akarudi, na leo yuko ghala moja na Mickey Mouse.

Nimetazama Hill Street Blues lakini sikumwona paka. Kwa nini?

Kuna sababu tatu, na zote hutokea. Ya kwanza: kampuni ikinunuliwa, mmiliki mpya hukata nembo ya zamani au kubandika yake juu yake. Ya pili: vituo hufinya majina ya mwisho ili kupata nafasi ya kutangaza kipindi kinachofuata, NBC ilianza kulifanya hilo kwa nguvu mwaka 1994, na wengine wakafuata. Ya tatu ni ya siku hizi: huduma za mtandaoni hukurusha kwenye sehemu inayofuata kabla majina hayajaisha. Kwenye nyingi unaweza kuzima uchezaji unaojiendesha wenyewe (autoplay) katika mipangilio, au kubonyeza majina yanayopita ili yarudi kujaza skrini. Jaribu hilo kwanza kabla hujakata tamaa.

Kuna ubaya gani zikikatwa? Ni sekunde tano tu.

Ubaya ni kupoteza ushahidi. Tazama mnyororo wa umiliki kwenye swali la Disney hapo juu: nembo zilizobandikwa kwenye nakala za miaka tofauti zinakuonyesha kila hatua, nakala ya lini ilikuwa mikononi mwa nani. Nembo za sehemu za mwisho, kama ya St. Elsewhere, ni sehemu ya hadithi yenyewe. Kuikata ni kung'oa ukurasa. Hoja ya sekunde tano siikubali hata kidogo.

Nina kanda za zamani za VHS zenye vipindi vilivyorekodiwa. Nizitupe?

Usizitupe. Nakala za kurekodi nyumbani mara nyingi ndizo pekee zilizobaki na nembo ya asili, kwa kuwa zilinasa kipindi kilivyorushwa, matangazo na yote. Ziingize kwenye kompyuta mapema, maana utepe wa sumaku huharibika hasa kwenye joto na unyevu wa pwani.

Angalia jambo moja: kanda zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani zimerekodiwa kwa mfumo wa NTSC, ilhali deki nyingi za Afrika Mashariki ni za PAL. Ukiona picha inaruka au haina rangi, usidhani kanda imekufa. Tafuta deki inayosoma mifumo yote miwili.

## Kwa wanaotengeneza vipindi, na maswali ya pembeni

Naruhusiwa kutumia nembo ya MTM kwenye video yangu?

Kuwekwa mtandaoni na watu wengi hakuifanyi kuwa mali ya umma. Nembo hulindwa kama alama ya biashara na kama kazi ya sanaa. Kuonyesha kipande kifupi ukikieleza au kukichambua ni jambo moja. Kuiweka mwisho wa kazi yako kana kwamba wao ndio walioitengeneza ni jambo jingine kabisa, na hilo usilifanye.

Nina kampuni ndogo ya vipindi Dar, Zanzibar au Nairobi. Nembo yangu iweje?

Iwe fupi, sekunde tatu hadi tano. Jina lisomeke kwenye simu ndogo na lisikae ukingoni mwa skrini. Itengeneze kwa fremu 25 kwa sekunde, na utunze nakala tatu: yenye sauti, isiyo na sauti, na isiyo na mandhari nyuma. Sauti isizidi ile ya kipindi. Kwa vituo vinavyofuata kiwango cha Ulaya, lengo ni −23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti). Mlio usiuokote mtandaoni, mlipe mtu akutungie na muandikiane.

Kisha isajili kama alama ya biashara: Tanzania Bara ni BRELA, Zanzibar ni BPRA, Kenya ni KIPI. Haki za kazi ya sanaa na muziki ziulizie ofisi za hakimiliki: COSOTA ya Tanzania Bara au KECOBO ya Kenya.

Na ushauri wa mwisho ni wa MTM wenyewe: weka kitu unachokijua. Tai wa chuma anayezunguka dunia tumemwona mara nyingi mno.

Kwa nini nyau ya Mimsie inasikika nyembamba zaidi kwenye nakala za Uingereza?

Masikio yako yako sawa. Vipindi vingi vya MTM vilipigwa kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde. Ili virushwe kwenye mfumo wa PAL, filamu ilizungushwa kwa fremu 25, yaani kasi iliongezeka kwa takriban asilimia 4. Kasi ikipanda, sauti nayo hupanda, karibu robo tatu ya hatua moja ndogo ya kinanda. Kipindi cha dakika 50 huisha kwa dakika 48 hivi, na paka hulia juu kidogo.

Msimu wa kwanza wa Newhart hauingii kwenye hesabu hii, kwa kuwa ulirekodiwa kwa kanda ya video, si filamu, na kanda ya video hubadilishwa mfumo bila kuongezwa kasi.